Sakafu ya Kuku

Mwezi Juni, Chiloé haiulizi kama umechoka na mvua.
Inanyesha asubuhi, inanyesha ukitafuta buti,
inanyesha hata ikipumzika,
maana mapaa ya mbao huendelea kudondosha ya jana.

Uwanja wa kuku umekuwa uji.
Kuku saba, kila mmoja na soksi zake za matope.
Mayai yao, ya buluu kama ilivyo mbegu yao,
nayaokota yamechapwa vidole vitatu vitatu,
barua zilizopigwa mhuri na karani mlevi.

Jumatatu nilimkuta Morada amesimama kwa mguu mmoja.
Chini ya unyayo, kidonda cheusi, kigumu kama punje ya dengu.
Nikampakata, nikamwosha kwa maji ya chumvi,
naye akanitazama kwa jicho moja,
jicho la mdai.

Basi ushauri ukaanza kuingia, nao haukupiga hodi.
Wifi yangu Otilia: "Mabua ya shayiri. Mama alitumia mabua."
Alitumia, kweli, na kila Agosti
tuliziba pua kwa pindo la aproni.
Don Baldovino wa duka la misumari: "Changarawe. Maji yanapita."
Yanapita, ndiyo. Kinyesi kinabaki kinatazama mbingu.
Mwanangu Yerko, kwa simu kutoka kusini anakolehemu mabomba:
"Mwaga zege, mama, umalize."
Zege! Mtoto niliyemkuza kwa mayai ya hawa hawa.

Nikachukua vigingi na kamba ya magunia ya viazi,
nikaukata uwanja mafungu manne
kama hakimu anayegawa urithi wa watu wasiosalimiana.
Hapa mabua.
Hapa mchanga wa mto, kwa kuwa wa ufukweni una chumvi.
Hapa maganda ya kome yaliyopondwa,
magunia mawili, bado yananuka meza ya jirani.
Hapa vibanzi vya mti wa ulmo, vinene, kutoka kiwanda cha mbao.
Nikafungua mlango, nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mwavuli mkono huu, kikombe mkono ule.

Coronela alitangulia, kama kawaida yake.
Akapekua mabua, akala punje zilizosahauliwa, akaondoka.
Akadonoa ganda la kome, akalitema.
Mchanga ulimpendeza kwa dakika tano;
mvua ikazidi, ukawa zege la Yerko.
Kwenye vibanzi alichakura kidogo, kwa adabu,
kama mgeni anayesifu mchuzi usio na chumvi.

Kisha akaupata mwanya kwenye wavu.
Sita wakamfuata, Morada nyuma akichechemea,
hadi chini ya mtufaha, fungu ambalo sikulipima.
Majani ya miaka saba yamelala pale.
Sijawahi kuyazoa. Reki ilikuwa kazi ya Segundo.

Wakayarusha! Juu, nyuma, usoni mwa wenzao.
Chini yake majani makuukuu, kisha majani yasiyo majani tena,
kisha udongo mweusi, mkavu kiasi, wenye minyoo minene
na tufaha moja lililooza likawa kama tumbaku.
Sikuwafukuza. Chai yangu ilipoa.

Alasiri niliishusha reki kutoka kwenye msumari wake.
Mpini umelika mahali pawili, mbali mbali,
kwa vipimo vya mikono mirefu kuliko yangu.
Ilinibidi nishike pengine.

Toroli kumi na moja, nilihesabu.
Majani juu ya vibanzi, vibanzi juu ya matope,
wao wakichanganya nyuma yangu bila mshahara.
Otilia alisimama uani: "Na hayo yakioza?"
Yataoza, wifi. Nitaongeza.

Maganda ya kome nimeyamwaga kwenye njia ya mlangoni.
Nadhani tangu mwanzo yalikuwa ya buti zangu.

Kamba bado sijaifungua.
Morada jana alikanyaga kwa miguu miwili, akaghairi,
akaukunja tena mmoja.
Mvua.
Chini ya mtufaha sasa pako wazi,
na sijui bado nipande nini.